Usije Kituoni na Teksi

Jumatatu, 30 Novemba

Mke wangu,

Salamu kutoka kwenye nyumba iliyopwaya. Kondakta wa basi la asubuhi ameniapia kwamba barua hii utaipata kesho, kwa hiyo ikifika imekunjwakunjwa mlaumu yeye. Habari za simu yako kutumbukia kwenye ndoo ya nepi nimezipata kwake huyohuyo. Amezisimulia kituo kizima cha basi. Watu wananipa pole kana kwamba nimefiwa.

Mapacha hawajambo? Mdogo wako anapata usingizi baada ya kujifungua? Na wewe usijifanye mtu wa chuma. Maji achote mtu mwingine. Ukikaa, inua mguu.

Wale Wajerumani wawili niliokwambia wanakuja kwa mafunzo ya kazi, walifika mara tu ulipoondoka. Kwao wanasomea kazi yangu hii ya kutengeneza miguu ya bandia, na chuo kimewaleta kwetu hapa hospitalini hadi mwisho wa Januari. Mmoja ni kijana mrefu, akiingia karakanani anainama kama anaingia kwenye banda la kuku. Vijana wa kazini wamempa jina la Ngazi. Mwenzake ni binti, mcheshi sana, akipigwa na jua kidogo tu uso unawaka. Huyo ndiye Pilipili. Majina yao halisi yametushinda kutamka, na wao ya kwetu yamewashinda. Mimi wananiita Fundi tu, kama ulivyokuwa ukiniita wewe zamani.

Ijumaa Ngazi akaniuliza, "Fundi, kesho unakwenda wapi?"

"Nyumbani."

"Na Jumapili?"

"Nyumbani."

Wakatazamana. Pilipili akasema, "Basi kesho unakuja na sisi." Nikadhani utani. Jumamosi chai haijachemka nasikia hodi, wamesimama mlangoni na mikoba mgongoni.

Tumepanda kilima cha mnara! Nimekaa chini yake miaka yote hii sikujua kwamba kule juu kuna upepo wa kukuvua kofia. Nyumba yetu inaonekana kama kiberiti. Tumekula mkate tumekaa juu ya jiwe, nimecheka mpaka mbavu zimeuma, na ukiniuliza tulikuwa tunacheka nini, sijui.

Jana wamewasha mshumaa mmoja juu ya meza ya karakana. Ndivyo wanavyoingojea Krismasi kwao, kila Jumapili wanaongeza mshumaa. Wametengeneza nyota kwa plasta iliyobaki wakazitundika dirishani. Mgonjwa wa kwanza leo ameuliza kama tumefungua kanisa.

Kijana wetu amepiga simu. Sikukuu hii hapati likizo, yuko zamu. Kwa hiyo tutakuwa mimi na wewe.

Mumeo

*

Ijumaa, 4 Desemba

Mume wangu,

Barua imefika na doa la mafuta, na nina hakika kondakta ameisoma, maana alinipa huku akisema, "Mama, mzee wako kumbe mpanda milima!"

Mapacha wazima. Mmoja akilala mwingine anaamka, wanapokezana kama walinzi. Mdogo wangu amekonda lakini anacheka. Shemeji yako bado yuko safarini na lori lake, anatuma salamu mahali pa kuja mwenyewe. Mguu wangu haujambo. Usiniulize tena.

Nimefurahi kwamba umetoka. Hata nguo zako zitakuwa zimeshangaa kupigwa na upepo. Kile kilima ndicho ninachokitazama kutwa nikiwa kwenye cherehani, kwa sababu dirisha langu limeelekea huko. Siku zote nilikuwa najiuliza watu wakifika juu wanaona nini. Kumbe wananiona mimi. Je, dirisha langu linaonekana, au ni bati tu?

Hao watoto wa watu uwape chai, wasishindie mkate mkavu. Pilipili mwambie avae kofia. Kuna ile yangu ya majani nyuma ya mlango, siivai.

Mke wako

*

Jumatatu, 7 Desemba

Mke wangu,

Sina nafasi ya kuandika kirefu, lakini nitaandika kirefu.

Kwanza, biskuti. Hawa watoto bila biskuti Krismasi haiji. Walitaka kuzioka kwenye oveni yetu ya kulainishia plastiki. Nikakataa, nikawaambia mtakula biskuti zenye ladha ya goti. Ngazi akaokota debe, akatoboa hapa, akakunja pale, moto chini na moto juu, oveni ikapatikana. Za kwanza ziliungua. Za pili zilikuwa mbichi. Za tatu Pilipili alizikata kwa kufuatisha unyayo wa bandia wa mtoto, kwa hiyo jana wagonjwa walikula nyayo, daktari akala nyayo, na mlinzi akala moja akaficha mbili kwenye kofia.

Pili, maporomoko! Jumamosi tulipanda basi mpaka darajani, halafu tukatembea kufuata mto kwenda juu. Miaka yote nasikia watu wanasema maporomoko, maporomoko, mimi nikijiambia ni maji yanayoanguka, kuna nini? Ni maji yanayoanguka, lakini uyaone! Yanakuja kwa kishindo hadi kifua kinatetemeka. Nilivua viatu. Nilivua na shati. Ngazi alinipiga picha, na picha hiyo hutaiona, tumbo limetoka lote. Tuliimba nyimbo zao za Krismasi, mimi sijui hata neno moja, naitikia tu mwishoni, na Pilipili akanifundisha kucheza juu ya mchanga mpaka pumzi zikaniishia.

Wewe usingeweza, njia yote ni mawe na utelezi, lakini ukirudi nitakuhadithia kila kitu umekaa kwenye kiti chako.

Nakwambia, mke wangu, maisha yetu yalikuwa yanaota ukungu. Kazi, nyumba, kazi, nyumba. Mtu anafika umri huu hajaona kilichopo mwendo wa asubuhi moja! Jumamosi ijayo tunakwenda bwawani.

Nimeshaongea na mwenye teksi. Siku utakayokuja atakungojea kituoni, akulete mpaka mlangoni, usikanyage hata changarawe.

Mumeo, mpanda milima

*

Ijumaa, 11 Desemba

Mume wangu,

Barua nimeipata. Nimefurahi kusikia kwamba umefurahi.

Watoto hawajambo. Mama yao hajambo. Hali ya hewa ni nzuri.

Nimeona nisije sikukuu hii. Huku mikono bado inahitajika. Usimsumbue mwenye teksi.

Wasalimie wageni wako.

Mke wako

*

Jumatatu, 14 Desemba

Mke wangu,

Hali ya hewa ni nzuri? Tangu lini wewe unaniandikia hali ya hewa?

Nimeisoma barua yako, nikaigeuza nikitafuta upande wa pili. Hakuna. Nimekaa nayo nikifikiri, na sasa nimejua. Ni kondakta! Amekwambia Jumamosi ile ya maporomoko nilipanda basi na binti wa Kijerumani. Kweli nilipanda. Amekwambia pia kwamba Ngazi alikuwa palepale, magoti yamefika masikioni kwa sababu viti havimtoshi? Hilo hakukwambia, si ndiyo? Mke wangu, yule ni mtoto. Ana chunusi. Ana mchumba kwao anayepiga tarumbeta, na kila siku lazima atusikilizishe hilo tarumbeta kwenye simu, hadi vijana wa karakana wamesema wataacha kazi. Ananiita Fundi, na juzi kwa bahati mbaya aliniita Babu.

Kama nimekosa, niambie kosa. Usinifungie mlango halafu unisomee hali ya hewa kupitia tundu la ufunguo.

Jumamosi wamekwenda bwawani bila mimi. Nilibaki nyumbani, nikapika wali ukaungua. Walirudi jioni wamebabuka kwa jua, wanacheka, wamenizungukia kunihadithia. Nikawaambia nimechoka.

Mwambie mdogo wako kwamba mume wa dada yake hana kosa.

Mumeo

*

Jumatano, 16 Desemba

Mama mpendwa,

Mimi ni Pilipili kutoka karakana. Kiswahili changu ni kidogo. Ninaandika na kamusi upande wa kulia na Ngazi upande wa kushoto. Tafadhali usicheke, au cheka kidogo.

Sisi tunafikiri tumeiba mume yako. Samahani sana. Hatukujua. Tulipofika hapa tulikuwa wageni na yeye peke yake hakututazama kama wageni. Alitupa chai na kofia ya majani. Alisema ni kofia yako, sasa iko kichwani yangu kila siku, asante.

Sasa Fundi hana wimbo tena. Anapiga msumari na anakosa msumari. Nimemuuliza, "Nini?" Amesema, "Mke wangu hataki kuja." Nimeuliza, "Kwa nini?" Amesema, "Wivu." Mimi sifikiri hivyo.

Nataka kukuambia jambo moja. Tulipokwenda maporomoko, Fundi alisimama kwenye kila jiwe kubwa. Alisema, "Hapa mke wangu angeanguka." Jiwe lingine, "Na hapa angeanguka." Mara nyingi sana. Mimi nikauliza, "Umemuuliza?" Akatazama maji. Halafu akaanza kuzungumza habari za samaki.

Mimi na Ngazi tunajifunza kutengeneza miguu ili watu watembee. Fundi ni mwalimu mzuri kupita wote tuliopata. Kwa hiyo nimefikiri sana, na ninakuuliza wewe kwa sababu yeye hajui kujibu: mguu wako unatembea wapi?

Kama swali ni baya, Ngazi alisema nisiliandike, lakini nimeliandika.

Hii ni Krismasi yangu ya kwanza mbali na mama yangu. Nilikuwa sina hofu, sasa nina kidogo. Ningefurahi sana kama nyumba ya Fundi ina mama ndani yake.

Wako,
Pilipili

*

Jumamosi, 19 Desemba

Mume wangu,

Binti wa watu ameniandikia. Nusu ya maneno amekosea, lakini alilotaka kusema limefika lote. Wewe hukosei hata neno moja na hujasema kitu.

Mimi nimwonee wivu mtoto mwenye chunusi? Kondakta hajaniambia lolote, maskini, na umemsingizia bure. Mimi wivu wangu ni wa yale mawe. Ulikwenda ukayakanyaga, ukavua shati, ukacheza, halafu ukarudi kuniandikia kwamba mimi nisingeweza. Hukuniuliza. Hujawahi kuniuliza. Eti maisha yetu yanaota ukungu! Aliyeyaweka mahali pasipo na jua ni nani?

Nikwambie mambo niliyokuficha. Huku kwa mdogo wangu maji yako chini bondeni. Unadhani nani anayachota, mzazi mwenye mapacha? Mkanda wa mguu ulikatika siku za mwanzo kabisa. Fundi viatu akaushona kwa uzi wa mabegi, na umeshika. Unyayo umelika upande mmoja. Kliniki ya watoto iko ng'ambo ya kilima na nimekwenda kwa miguu, pacha mmoja mgongoni kwangu, mwingine kwa mama yake. Na nimeanguka. Si leo, siku nyingine. Nilianguka kwenye tope, ndoo ikanimwagikia yote, watoto wa jirani wakacheka na mimi nikacheka, nikainuka, nikarudi kuchota. Sikukwambia kwa sababu ungekodi gari uje kunichukua.

Kabla lori halijanipitia nilikuwa na genge langu la nyanya sokoni, na hakuna mtaa ambao sikuujua. Wewe ulinipa mguu. Kisha ukaninunulia cherehani ili nisiuhitaji. Nakushukuru kwa vyote viwili, nasema kweli, hakuna mwanamke aliyetunzwa kama mimi. Majirani wananiambia nina bahati, nami naitikia. Lakini nikiona unavyonishika mkono hata kutoka mlangoni kwenda kwenye kamba ya nguo, wakati mwingine najiuliza kama unanihurumia au unaona aibu watu wakitazama ninavyochechemea. Hilo nimekaa nalo muda mrefu, na sitaki kurudi nalo.

Nilikuuliza kama dirisha langu linaonekana kutoka juu. Hukunijibu.

Nakuja Jumatano, basi la mchana. Si kwa ajili yako. Nakuja kwa sababu kuna mtoto wa mwenzangu anaogopa Krismasi. Usije kituoni na teksi. Nikiiona teksi, napanda basi hilohilo narudi.

Mke wako

*

Jumatatu, 21 Desemba

Mke wangu,

Jana nilipanda kilima peke yangu. Dirisha lako linaonekana. Linaonekana vizuri sana, lile pazia la bluu, na nilikuwa nimepita hapo juu mara ya kwanza nikaona bati tu, kwa sababu sikulitafuta.

Si huruma, wala si aibu. Aibu! Wewe ndiye kazi yangu pekee ninayotamani kila mtu aione. Ni woga. Siku ile karakanani ulipoachia vile vyuma viwili vya kujishikia, ukapiga hatua zako za kwanza ukaanguka, mimi ndiye niliyekuokota. Ulikuwa mwepesi kama mtoto na ulikuwa unatetemeka. Tangu siku hiyo nakuokota hata ukiwa umesimama. Sikujua kwamba unachoka kuokotwa.

Nilipowasomea Ngazi na Pilipili kile kipande cha barua kuhusu mkanda uliokatika, walinitazama mimi kama daktari aliyemsahau mgonjwa wake. Wametafuta kipimo chako na wanakutengenezea unyayo mpya. Wamebishana kwa Kijerumani kutwa nzima juu ya kisigino. Uje uupime. Usipokupendeza, utukane, Pilipili ameahidi kwamba matusi atayaandika kwenye kamusi.

Nitakuja kituoni kwa miguu, nibebe mzigo. Nimesema mzigo tu.

Mumeo

*

Jumapili, 27 Desemba

Mdogo wangu,

Mbebaji wa barua hii ni kondakta yuleyule, na ajue kwamba akiisoma nitamwambia mkewe.

Nilifika salama. Shemeji yako alikuwa kituoni kama alivyosema, amesimama pembeni ya begi langu kama mlinzi wa benki. Tulitembea kupita sokoni, mimi mbele, yeye nyuma na mzigo. Sikuwa nimepita sokoni tangu sijui lini. Yule mwenye viazi alinitambua akapiga kigelegele, nikasimama kuongea hadi shemeji yako akabadilisha begi bega mara kadhaa. Hakulalamika.

Watoto wenyewe ni wazuri, ungewapenda. Ngazi amegonga kichwa kwenye mlango wetu kila siku na kila siku anauomba mlango msamaha. Mkesha wa Krismasi waliwasha mishumaa yote, wakala biskuti za debe, halafu Pilipili akaongea na mama yake kwenye simu, anacheka, anapiga kelele, anaturushia simu tusalimie. Alipokata, alitoka nje akasimama nyuma ya jiko. Nikamfuata. Akaweka tu kichwa hapa begani, na kofia yangu ya majani ikaanguka. Nilimwambia alie vizuri, asilie nusunusu, na akalia vizuri. Kisha tukaingia ndani tukacheza karata. Anaiba karata, huyo mtoto.

Jana tukaenda maporomoko.

Njia ni ya mawe kweli, shemeji yako hakudanganya. Kuna mahali nilipanda kwa makalio, mdogo wangu, nimeikunja sketi, nikacheka mwenyewe. Kuna mahali nilimshika Ngazi bega, na mahali pengine Ngazi alinishika mimi. Unyayo mpya unashika jiwe kama mkono wa mtu, ila kisigino kiko juu kidogo, nimewaambia na wameshaanza kubishana upya. Mume wangu alikuwa nyuma yangu njia nzima. Kila nikitikisika namsikia anavuta pumzi. Lakini mikono yake ilibaki kwenye kamba za mkoba wa chakula.

Tulipofika juu nilivua mguu. Nilivua mbele yao wote, nikakitia kigutu majini. Unajua kwamba hata kwako sijawahi kuvua mchana. Maji yalikuwa ya baridi ya kumfufua mtu, nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote, na hakuna aliyenisikia kwa sababu maporomoko yana kelele kunishinda. Shemeji yako akaja akakaa kando yangu, akatia miguu yake. Midomo yake ilikuwa inasema kitu. Nikamwambia sisikii. Akasema tena, sikusikia tena. Akaacha, akanishika mkono, na safari hii hakuwa ananizuia nisianguke, alikuwa amenishika tu.

Sasa sikia tulivyoteremka. Mwenzangu, badala ya kutazama miguu yake, anatazama yangu. Mimi nikaruka jiwe, nikatua. Yeye akaruka nyuma yangu akatua ndani ya mto, mzima, na mkoba wa chakula. Tulipomtoa kifundo cha mguu kilikuwa kimeshavimba. Ngazi alimbeba mgongoni mpaka darajani, na njia nzima mtu mzima anasema, "Nishushe, watu wananiona!" Kwenye basi abiria walinipisha kiti kwa sababu ya mguu wangu. Nikawaambia mgonjwa ni huyu, akakaa yeye, mimi nikasimama.

Daktari amesema hakuna mfupa uliovunjika, apumzike wiki nzima, asikanyage chini. Kwa hiyo amelala, mguu juu ya mito, na anataka kila anayepita amwulize anaendeleaje.

Wabusu mapacha. Nakatisha hapa, watoto wananiita nje, leo ni zamu ya bwawa na basi la Jumapili halingoji mtu. Nimemwachia chai kwenye chupa, redio, na fimbo ya kuegemea. Nikiwa mlangoni ameinua kichwa akaniuliza, "Sasa utarudi saa ngapi?"

Nimemwambia sijui.

Dada yako